Slaidi 900 Ambazo Sikuzifungua

Ukitaka kujua kama wiki za semina zimeanza hapa chuoni, usiangalie ratiba. Pita vimbwetani saa 5 usiku. Utakuta watu saba wamezunguka laptopu moja, mmoja anabofya na sita wanatoa amri. "Hiyo heda ipeleke kushoto." "Mbona fonti ya slaidi ya nne siyo sawa na ya tano?" "Namba za usajili umesahau ya kwangu." Yule anayebofya kwenye kikundi chetu ni mimi. Sikuchaguliwa. Mwaka wa kwanza nilifanya kosa la kusema najua PowerPoint, basi, ikawa ndiyo ajira yangu mpaka leo.

Kazi yenyewe siyo ngumu, inachosha tu. Unabofya kisanduku, unachagua maandishi, unabadilisha fonti, unaongeza ukubwa, unahamia kisanduku kingine, unarudia. Slaidi 20 zenye visanduku vitatu vitatu ni mara 60. Halafu mtu mmoja anasema, "Ila ile fonti ya mwanzo ilikuwa nzuri zaidi." Hapo ndipo unaelewa kwa nini watu wazima wanalia.

Mwaka jana, nikiwa kwenye BTP, nilidhani nimepata dawa ya kudumu ya ugonjwa huu. Dawa ipo kweli, inaitwa makro, na bado naitumia. Lakini siku ya kwanza niliyoitumia kwa kazi ya mtu mwingine niliharibu kazi ya miaka mingi, na nikaja kuaibika mbele ya darasa zima msimamizi wangu akiwa amekaa benchi la nyuma. Nimeona niandike, kwa sababu mwaka huu nawaona wengi mmeanza kuzungumzia kurahisisha kazi kwa kompyuta, na karibu wote mnaongea kama nilivyokuwa naongea mimi kabla ya Jumanne ile.

Nilipangiwa shule moja ya kata mkoani Singida. Masomo yangu ni Kiswahili na Jiografia. Mwalimu mlezi wangu kwenye Jiografia alikuwa mama mmoja aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Wanafunzi walimwita Madam kama tunavyoitwa sisi wote, lakini walimu wenzake walimwita Mama, na mimi nikafuata. Siku ya kwanza nilipomwamkia alinijibu, "Marahaba mwanangu, karibu, na usiogope, hawa watoto hawaumi."

Shule ilikuwa na projekta moja. Mama alikuwa mmoja wa walimu wachache waliokuwa wakiitumia, na alianza kutengeneza slaidi zake tangu akiwa kwenye shule aliyohama. Zote zilikuwa kwenye flashi moja iliyofungwa kwa uzi mwekundu, akiining'iniza shingoni pamoja na funguo za kabati. Mawasilisho 46, kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Alikuwa anataka kumwachia flashi ile kijana anayebaki na somo la Jiografia pale shuleni, ambaye alikuwa peke yake.

Wiki ya pili akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma kompyuta. Nisaidie kitu. Hizi slaidi zina jina la shule yangu ya zamani chini. Halafu maandishi ni madogo, wa nyuma hawaoni. Na namba za slaidi hazipo, wakikosa kuandika hawajui waniulize ipi." Mambo matatu tu. Nikajibu, "Hakuna shida, Mama." Sisi wanachuo huwa tunajibu hivyo kabla hatujafungua faili.

Nikaanza usiku uleule. Mama alikuwa hajui kutumia slaidi mama, ile sehemu iliyoandikwa Slide Master kwenye menyu ya View, ambayo ukibadilisha kitu mara moja kinabadilika kwenye slaidi zote. Kila slaidi aliitengeneza kwa mkono: kisanduku hapa, kisanduku pale, na jina la shule amelichapa chini ya kila slaidi moja moja. Kwa hiyo njia rahisi ya kawaida haikuwepo. Kila faili lilinichukua kama dakika 40. Kwa usiku tatu, umeme ukikatika na kurudi, nilimaliza mafaili matano. Nikapiga hesabu: mafaili 46 mara dakika 40 ni zaidi ya saa 30. Na nilikuwa na maandalio ya masomo, madaftari ya kusahihisha, na zamu ya wiki.

Usiku wa nne nikakumbuka jamaa mmoja wa kitivo cha biashara aliwahi kutuonyesha makro kwenye Excel. Alibonyeza kitufe cha kurekodi, akafanya kazi mara moja, akasimamisha, kisha akabonyeza tena na mashine ikarudia yote yenyewe. Nikafungua PowerPoint kutafuta kitufe hicho cha kurekodi. Nilitafuta karibu saa nzima. Kumbe hakipo. PowerPoint ilikuwa nacho hadi toleo la 2003, kikaondolewa kwenye toleo la 2007, na hakijarudi. Word na Excel wanacho, PowerPoint haina. Huku lazima uandike maagizo mwenyewe, kwa lugha inayoitwa VBA. Unabonyeza Alt na F11, linafunguka dirisha jeupe, unaanza kuchapa.

Usiogope neno "lugha". Ukiyasoma yale maagizo kwa Kiswahili ni kama unamtuma mdogo wako dukani. Yangu yalisema hivi: Kwa kila slaidi kwenye wasilisho hili, pitia kila umbo. Kama umbo lina maandishi, angalia ukubwa wake. Ukiwa chini ya 24, ufanye 24. Kama kuna jina la shule ya zamani, weka jina la shule mpya. Ukimaliza slaidi, weka namba yake pembeni chini. Nenda slaidi inayofuata. Kisha nikaongeza maagizo ya juu yake: fungua kila faili lililomo kwenye folda hii, fanya hayo yote, hifadhi, funga.

Ni mistari kama 30 hivi. Iliniumiza kichwa siku mbili, kwa sababu kosa la nukta moja linasimamisha kila kitu. Lakini nilipofaulu kwenye faili moja la majaribio, la milima na mabonde ya ufa, niliruka kitandani. Kila kitu kilikaa. Maandishi makubwa, jina jipya, namba ziko pembeni, hata mchoro wa bonde haukuguswa. Nikasema leo ni leo. Nikanakili mafaili yote kutoka kwenye flashi, nikabonyeza, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Slaidi zaidi ya 900, hata chai haijapoa. Nikayarudisha kwenye flashi ya Mama, juu ya yale ya zamani. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika nataka kufuta ya zamani niweke mapya. Nikabonyeza ndiyo.

Kesho yake ofisini nilikuwa mtu mwingine. Mwalimu wa taaluma aliingiwa na wasiwasi kidogo, akaniuliza kama makro siyo vile virusi. Swali lake halikuwa la kijinga hata kidogo. Mwaka 1999 kirusi cha Melissa kilisambaa duniani kikiwa ndani ya hati ya Word kwa njia ya makro: ukiifungua, inajituma yenyewe kwa watu 50 wa kwanza kwenye kitabu chako cha anwani. Ndiyo maana programu hizi huzima makro na kukuonyesha ule mstari wa njano, na tangu 2022 Microsoft ikaanza kuzizuia kabisa makro zilizomo kwenye mafaili yanayotoka intanetini. Nikamweleza hayo yote kwa mbwembwe, nikamhakikishia kwamba yangu nimeiandika mwenyewe na inakaa kwenye laptopu yangu, haiingii kwenye flashi ya mtu. Akaridhika. Hadi saa 4 walimu watatu walikuwa wameniletea mafaili yao. Mama akawa anacheka tu, anasema, "Huyu mtoto wangu huyu."

Jumanne msimamizi kutoka chuoni akatokea bila taarifa, kama ilivyo desturi yao. Dokta akaingia na fomu yake, akakaa nyuma pamoja na Mama. Kipindi cha tatu, Kidato cha Tatu, wanafunzi zaidi ya 60, mada ni usomaji wa ramani, na siku hiyo ni mistari ya kontua. Moyoni nilifurahi. Nina projekta, nina slaidi zilizonyooka, nina namba pembeni. Dokta atanikuta kwenye ubora wangu.

Slaidi tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Nilipobonyeza ya nne, ya ramani yenyewe, nikaona ukutani kitu ambacho sikukielewa. Palipotakiwa kuwa na kilima chenye mistari ya kontua, kulikuwa na rundo la tarakimu kubwa nyeusi zimelaliana kama kokoto zilizomwagwa. 1100 imekaa juu ya 1120, 1140 imefunika kilele, na mto umepotea kabisa. Swali chini lilisema watafute tofauti ya mwinuko kati ya pointi A na pointi B. Binti mmoja wa mbele akanyoosha kidole kwa adabu zote:

"Madam, A iko wapi?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka kidogo, nikasema twende ya tano. Ya tano ikawa vilevile. Ya sita vilevile. Nikazima projekta, nikachukua chaki, nikageukia ubaoni nichore kilima kwa mkono. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu nianze kufundisha ramani sijawahi kuchora kontua. Slaidi zilikuwepo. Nikachora duara, nikachora la pili, la tatu mkono ukatetemeka, mstari ukapita juu ya mwenzake. Nikaendelea tu. Mwisho wa kipindi Dokta aliniita pembeni, akasema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali: "Mwalimu, mistari ya kontua haikatani. Pointi moja haiwezi kuwa na mwinuko wa mita 1120 na mita 1140 kwa wakati mmoja." Alama niliyopata siitangazi hapa.

Mama alinisubiri ofisini. Hakunikaripia. Alisema, "Pole mwanangu." Kisha akauliza, "Ulizifungua?"

"Nilifungua moja, Mama."

"Moja kati ya 46."

Nikanyamaza. Akauliza tena, "Zile za mwanzo ziko wapi?" Nikanyamaza zaidi. Hakukuwa na nakala. Folda yangu ndiyo ilipitiwa na makro, na flashi niliifunika kwa mikono yangu mwenyewe. Zilizobaki salama ni yale matano niliyoyafanya kwa mkono, kwa sababu maandishi yake ya ramani niliyaruka bila hata kufikiri. Mkono wangu ulijua kwamba ukiongeza tarakimu ya kontua unaharibu ramani. Makro ilikuwa haijui, maana mimi sikuiambia.

Usiku ule nikakaa kutafuta kilichotokea. Sababu ilikuwa rahisi hadi inauma. Kwenye lile faili la majaribio, Mama alikuwa ameyafunga maandishi ya mchoro pamoja na picha yake yakawa kundi moja. Makro ya aina yangu ikikutana na kundi inaliona kama umbo moja lisilo na maandishi, inalipita. Ili iingie ndani ya kundi lazima uiambie. Kwa hiyo mchoro wa bonde la ufa ulisalimika kwa bahati, na mimi nikaichukua bahati ile kama ushahidi. Kwenye mafaili mengine maandishi ya ramani yalikuwa huru, makro ikayakuta yana ukubwa wa 10, ikayafanya 24 kama ilivyotumwa. Kuna mengine pia. Majedwali hayakuguswa kabisa, kwa sababu jedwali nalo lina mlango wake. Na pale jina la shule ya zamani lilipotokea mara mbili kwenye kisanduku kimoja, lilibadilika la kwanza tu. Agizo nililotumia hubadilisha mara moja na kusimama, ukitaka lote unalirudia mwenyewe. Mashine haikukosea hata sehemu moja. Ilinitii.

Kesho yake nilimwambia Mama nitazirekebisha zote kwa mkono. Akasema hapana, tutazirekebisha wote, kwa sababu wewe hujui zilikuwaje. Tulikaa kila jioni kwa karibu wiki mbili, baada ya vipindi, madirisha wazi, yeye na miwani yake na mimi na laptopu. Tukafungua faili moja moja, slaidi moja moja.

Pale ndipo nilipojua nilichokuwa nimekipita bila kukiona. Kwenye ramani moja ya bandari nikamwambia maandishi haya yalikuwa madogo kweli, tuyaongeze kidogo. Akasema, "Hayo niliyaweka madogo makusudi. Wakishindwa kuona wanasogea mbele, wanakuja kuonyesha kwa kidole. Mtoto akigusa ramani haisahau." Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyesema wa nyuma hawaoni. "Nilisema maandishi, mwanangu. Sikusema ramani." Kwake vilikuwa vitu viwili tofauti tangu zamani. Kwangu na kwa makro yangu vyote vilikuwa umbo lenye maandishi.

Tukafika kwenye slaidi ya mikoa. Ilisema Tanzania ina mikoa 30. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na tangu hapo ni mikoa 31. Mbele kidogo kulikuwa na idadi ya watu ya Sensa ya 2012, milioni 44.9, wakati Sensa ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Mama alicheka, "Hizo huwa nawasahihishia kwa mdomo kila mwaka, sijawahi kuzigusa." Mimi sikucheka. Makro yangu ilipita juu ya slaidi ile, ikaikuta takwimu ya zamani ikiwa na ukubwa wa 18, ikaikuza hadi 24, ikaiwekea na namba pembeni. Nilikuwa nimelifanya kosa lionekane vizuri zaidi hadi benchi la mwisho.

Nilijifunza Jiografia nyingi zaidi jioni zile kuliko muhula mzima. Nilijifunza kwa nini slaidi ya mvua za vuli inakuja kabla ya ile ya masika, ni picha ipi wanafunzi huielewa vibaya kila mwaka, na swali gani ukiuliza mapema unaua somo. Vitu hivyo havijaandikwa kwenye slaidi yoyote. Viko kwenye kichwa cha mtu aliyezirudia kwa miaka, na vinatoka pale anapoziona tena. Kama ningemrudishia flashi iliyokwisha, angeishukuru, angempa yule kijana, na yale yote yangestaafu pamoja naye.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi turudi kwenye kubofya mara 60. Siku ya tatu ya jioni zile tulikuwa tumechoka wote wawili, kwa sababu kupunguza tarakimu za kontua moja moja kunachosha kama kuziongeza. Nikaandika makro ya pili. Hii haikupitia slaidi zote. Ilisubiri mimi au Mama tuchague kwa macho yale maandishi ya ramani, tubonyeze, ndipo iyarudishe kwenye 10 yote kwa pamoja na kuyafunga yawe kundi moja na ramani yake. Nikaiweka kama kitufe kule juu kabisa kwenye upau wa PowerPoint. Mama alizoea haraka mno. Anavuta kipanya, anachagua, anabonyeza, anasema, "Kaa hapo." Kuchagua kulibaki kwake, kurudia kukawa kwa mashine. Tulimaliza mafaili yaliyobaki kwa nusu ya muda.

Makro ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na haibadilishi hata herufi moja. Inasoma tu. Unaipa neno au mwaka, mfano 2012, inapita kwenye mafaili yote na kukuandikia orodha: faili hili, slaidi ya 7, faili lile, slaidi ya 15. Halafu wewe unakwenda kufungua. Kazi ya kutafuta sindano kwenye nyasi inafaa kabisa kuachiwa mashine. Kuamua kama ile ni sindano au nyasi ni kazi yako.

Hapa chuoni sisi wa ualimu tumefundishwa kuichukia kidogo kazi ya kurudiarudia. Tunasema kukariri siyo kujifunza, na ni kweli. Lakini kuna kurudia kwa aina mbili, na nilikuwa nimezichanganya. Kuna kubofya fonti mara 900, ambako kichwa hakifanyi chochote, kidole tu. Hiyo mpe mashine bila huruma. Na kuna kupitia tena kazi yako au ya mwenzako, slaidi kwa slaidi, ambako kwa nje kunafanana kabisa na ile ya kwanza, unakaa palepale, unabofya palepale, ila ndani yake ndipo unapoona kwamba mikoa imeongezeka. Shida ni kwamba zile kazi mbili huwa zinafanyika kwa pamoja. Ukiiondoa ya kwanza, ya pili inaondoka nayo kimyakimya, na hakuna anayekuambia.

Kwa hiyo wewe unayetaka kujaribu, na nakushauri ujaribu, haya ndiyo ninayofanya siku hizi. Kwanza naangalia kama slaidi mama inatosha. Mara nyingi kazi ya semina inatosha, huhitaji makro. Pili, nanakili folda nzima na kuipa jina la tarehe ya siku hiyo, na ile ya zamani siigusi mpaka mwenyewe aseme ameridhika. Tatu, siijaribu makro kwenye faili zuri. Natafuta lile baya kuliko yote, lenye picha, jedwali, mchoro na kila aina ya vurugu, maana likipona hilo mengine yana nafuu. Nne, kumbuka makro za VBA hazifanyi kazi kwenye simu wala kwenye PowerPoint ya mtandaoni, na faili linalobeba makro lazima ulihifadhi kwa aina ya pptm, la sivyo utafungua kesho ukute maagizo yako yameyeyuka. Makro uliyotumiwa na mtu usiyemjua usiiwashe. Na mwisho, ikimaliza, fungua. Zote.

Muhula huu kikundi chetu kilipogawana kazi, CR akasema, "Ticha si ana mashine yake, tumpe yeye aunganishe." Nikakubali kuunganisha. Ila nilimpa kila mmoja slaidi zake baada ya makro kupita, nikamwambia azisome kwa sauti mbele ya wengine kabla hatujawasilisha. Walilalamika kweli. Halafu mmoja wetu akagundua kwamba nukuu aliyoiweka haikuwa ya mwandishi aliyemtaja. Tulikuwa na saa moja na nusu, tukarekebisha.

Mama alistaafu. Flashi yenye uzi mwekundu anayo yule kijana, na kitufe kipo kwenye kompyuta ya ofisi. Nilipokwenda kuaga wiki ya mwisho ya BTP, Mama alinipeleka darasani wanafunzi wakiwa wameshatoka, akanipa chaki, akasema nichore kilima. Nikachora, akafuta. Nikachora tena, akafuta. Sijui mara ngapi. Alikuwa amekaa juu ya dawati la mbele, anatikisa mguu, anasema, "Tena." Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na hakuna aliyekumbuka projekta.

Kontua zangu siku hizi hazikatani.